Curtis Mayfield wa The Impressions: sauti moja kati ya tatu, kalamu moja kati ya moja

Msomaji wetu mmoja anayeimba sauti ya pili katika kwaya mjini Morogoro ametuandikia hivi: "Katika nyimbo za soul za zamani nakutana mara kwa mara na jina la Curtis Mayfield, mara akiwa mwimbaji wa kundi la The Impressions, mara akiwa peke yake, mara akiwa mtunzi wa nyimbo zinazoimbwa na watu wengine kabisa. Alikuwa nani? Ilikuwaje mtu mmoja katika kundi la waimbaji watatu akawa ndiye mwenye nyimbo? Na je, ni kweli kwamba alirekodi albamu akiwa amepooza?"

Ndugu msomaji,

Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu fupi: ndiyo, ni kweli, na mbele kidogo nitaeleza namna ilivyofanyika, kwa kuwa mtu wa kwaya atauelewa ugumu wake kuliko msikilizaji wa kawaida. Swali la katikati ndilo zito. Wengi wanaomwandika Mayfield huanza na sauti yake nyembamba ya juu, au na nyimbo zake za kudai haki za watu weusi, nao hawakosei. Hata hivyo naona kwamba mwendo wa maisha yake haueleweki mpaka uangalie pia karatasi alizotia saini, maana alikuwa miongoni mwa vijana wachache wa rika lake waliotambua mapema kwamba wimbo ni mali hata kabla haujaimbwa.

Alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Baba yake aliiacha familia mapema, na mama yake, Marion, akabaki na watoto katika umaskini wa kuhamahama mpaka walipopata makazi katika nyumba za umma za Cabrini-Green, upande wa kaskazini wa jiji. Bibi yake mzaa baba, Annie Bell, alikuwa mhubiri wa kanisa dogo, na naamini kwamba huko ndiko mjukuu alikojifunza mambo mawili ambayo hayakumtoka tena: namna sauti chache zinavyoweza kuijaza nyumba, na namna mhubiri anavyolisema jambo zito kwa picha nyepesi ambayo hata mtoto anaishika. Kanisani alikutana pia na Jerry Butler, kijana aliyemzidi umri kwa miaka miwili na nusu, mwenye sauti nzito ya kifuani, wakaimba pamoja katika kundi la injili lililoitwa Northern Jubilee Gospel Singers.

Gitaa alijifunza bila mwalimu. Kwa kuwa alikuwa amezoea kupapasa vibonye vyeusi vya piano, alikaza nyuzi za gitaa zifuate sauti za vibonye hivyo, akaendelea kupiga hivyo maisha yake yote. Mpiga gitaa mwingine akilichukua gitaa lililokazwa namna hiyo na kushika koodi za kawaida, hapati kitu kinachoeleweka. Lakini mikononi mwa Mayfield lilitoa vijisauti laini, vya kutiririka, vinavyoizunguka sauti ya mwimbaji bila kuigonga, na wapiga gitaa wengi wa Jamaica na Marekani wamehangaika kuviiga.

Butler ndiye aliyemvuta kwenye kundi lililotoka kanisani na kuingia mtaani. Vijana watatu kutoka Chattanooga, Tennessee, yaani Sam Gooden na ndugu wawili, Arthur na Richard Brooks, walikuwa wamehamia Chicago wakiimba kwa jina la The Roosters, na baada ya kuwapata Butler na Mayfield wakabadilisha jina na kuwa The Impressions. Mwaka 1958 walitoa "For Your Precious Love", wimbo wa polepole uliofanya vizuri kitaifa. Mayfield alikuwa na miaka 16 tu. Sahani ilipotoka, kampuni ilikuwa imeandika juu yake "Jerry Butler and the Impressions", jambo lililowaudhi wenzake, kwani walikuwa wameingia studio wakiwa kundi la watu watano na wakatoka wakiwa mtu mmoja na wafuasi wake. Muda si mrefu Butler akaenda zake, na nafasi yake ikachukuliwa na Fred Cash, kijana mwingine wa Chattanooga.

Kundi likapoa. Mayfield akaajiriwa na Butler huyohuyo kama mpiga gitaa, na wakiwa safarini wakaanza kutunga. Mwaka 1960 "He Will Break Your Heart", ambao aliuandika pamoja na Butler na Calvin Carter, ulifika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa watu weusi. Fedha alizozipata wakati huo hakuzitapanya. Aliwakusanya wenzake wa zamani, akawapeleka New York, na mwaka 1961 wakarekodi "Gypsy Woman" kwa kampuni ya ABC-Paramount, wimbo wake mwenyewe ulioimbwa kwa sauti yake mwenyewe, nao ukapanda hadi nafasi ya 2 katika chati hiyo na ya 20 katika chati ya jumla ya nchi nzima. Kundi lilizaliwa upya, na safari hii aliyelifufua ndiye aliyekuwa na kalamu.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, kwa hiyo nivumilie nieleze hesabu kidogo. Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni utunzi wenyewe, yaani maneno na tuni. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zilizonaswa siku fulani katika studio fulani. Mwimbaji wa enzi hizo alilipwa asilimia ndogo ya mauzo ya rekodi, tena baada ya kampuni kukata gharama za studio, na wengi walimaliza mwaka wakiambiwa kwamba bado wanadaiwa. Mtunzi aliangukia hesabu nyingine. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyotumika mpaka mwanzoni mwa 1978, kiwango cha kisheria kilikuwa senti 2 kwa kila wimbo katika kila sahani iliyotengenezwa. Sahani milioni moja zilikuwa dola 20,000, na desturi ilikuwa nusu kwenda kwa mtunzi na nusu kwa mchapishaji, yaani kampuni inayosimamia utunzi na kuufuatilia. Zaidi ya hapo, redio za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji kila wimbo unapopigwa, ila hazimlipi mwimbaji kwa rekodi yake, na kwa redio za kawaida utaratibu huo upo hadi leo. Kwa hiyo watu watatu wanaweza kuimba wimbo uleule kwa jasho lilelile, redio ikaupiga mara elfu kumi, na anayepata malipo hayo akawa mmoja.

Watunzi wengi weusi wa miaka ile waliuza nyimbo zao moja kwa moja kwa fedha kidogo za mkononi, au waliona jina la mwenye kampuni limechomekwa kando ya jina lao. Mayfield, akiwa hajatoka sana utineja, alianzisha kampuni yake ya kuchapisha nyimbo, akaita Curtom. Hakuwa peke yake, kwani Sam Cooke alikuwa amelifanya jambo hilo muda mfupi kabla yake, lakini walikuwa wachache sana. Tangu hapo nusu ya mtunzi na nusu ya mchapishaji zote zilirudi nyumba moja.

Lakini usidhani kwamba mpaka kati ya mtunzi na waimbaji wenzake ulikuwa wazi siku zote. Ndugu wawili wa familia ya Brooks waliondoka mwaka 1962, wakabaki watatu: Mayfield, Cash na Gooden. Mwaka uliofuata, wakiwa Nashville, walikuwa wamekaa ndani ya gari katikati ya maonyesho mawili. Mayfield anaeleza mipango yake, na Cash, kwa kumsikiliza tu, anaitikia kila mara kwamba ni sawa, ni sawa. Mayfield akasimamisha mazungumzo na kusema hilo ni wimbo. "It's All Right" ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya watu weusi na ya 4 katika chati ya jumla, na kwenye sahani mtunzi ni Curtis Mayfield peke yake. Je, Cash alidhulumiwa? Kisheria, hapana, kwa sababu kauli moja ya kawaida haimilikiwi na mtu. Anayeijengea beti, tuni na mpangilio ndiye mtunzi. Nakiri kwamba kila ninapousikiliza wimbo huo huwa namfikiria yule aliyekuwa akiitikia.

Kuondoka kwa ndugu wale kuliwalazimisha kubuni uimbaji mpya. Makundi mengi ya wakati huo yalikuwa na kiongozi mmoja mbele na wengine nyuma wakiitikia. The Impressions, kwa kuwa watatu tu, walileta desturi ya makundi ya injili ambapo uongozi unazunguka: Mayfield anaanza mstari kwa sauti ya juu, Gooden anaudaka kwa sauti ya chini, Cash anapita katikati, kisha wote watatu wanakutana mwishoni mwa mstari. Mpangaji wao wa ala, Johnny Pate, aliongeza tarumbeta zinazopiga kwa mkato pale sauti zinaponyamaza, kana kwamba ni mwimbaji wa nne. Kwaya yako ikijaribu hili utaona kwamba ugumu haumo katika sauti za juu. Umo katika kujua ni nani anayetakiwa kunyamaza.

Wakati huohuo kalamu yake ilikuwa ikifanya kazi nje ya kundi. Kwa Major Lance, mwimbaji aliyefahamiana naye tangu ujana wao mtaani Chicago, aliandika "The Monkey Time" mwaka 1963, na mwaka uliofuata ukapanda chati ya jumla hadi nafasi ya 5 wimbo ambao jina lake lote ni mguno mmoja uliorudiwa mara sita. Aliwaandikia pia Gene Chandler, Walter Jackson na wengine, hata kukawa na kipindi ambacho kilichoitwa mtindo wa Chicago kwa kiasi kikubwa kilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 22.

Nyimbo zilizomfanya akumbukwe nje ya muziki zilianza mwaka 1964, mwaka ambao Sheria ya Haki za Raia ilitiwa saini, kwa "Keep On Pushing". Mwaka 1965 ukaja "People Get Ready". Humo hakuna neno la siasa hata moja. Kuna garimoshi linalokuja kuwachukua abiria kutoka pwani hadi pwani, na abiria hahitaji tiketi wala mizigo, imani inatosha. Msikilizaji mweusi wa Alabama alielewa papo hapo: garimoshi ni la wimbo wa kanisani, ni la njia za siri zilizowatorosha watumwa kuelekea kaskazini, na ni lile la kweli lililoleta familia kutoka Kusini hadi Chicago. Msikilizaji mwingine angeweza kuuchukua kama wimbo wa dini tu, na redio zikaupiga bila wasiwasi. Huo ndio ujanja wa mjukuu wa mhubiri. Alipoacha mafumbo na kusema waziwazi katika "We're a Winner", mwishoni mwa 1967, akiwaambia watu wake kwamba wao ni washindi, baadhi ya vituo vya redio vilisita kuupiga, na bado ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya watu weusi.

Wimbo wa garimoshi una hadithi nyingine inayohusu swali lako. Kule Jamaica, vijana wa kundi lililoitwa The Wailers walikuwa wanafunzi wakubwa wa The Impressions, na mwaka 1965 waliporekodi "One Love" walichukua sehemu ya wimbo wa Mayfield bila kumtaja. Bob Marley alipourudia mwaka 1977 katika albamu ya Exodus, sasa chini ya kampuni ya kimataifa, jina la Mayfield liliandikwa kando ya lake. Basi kila "One Love" inapopigwa, iwe ni hotelini Zanzibar au kwenye daladala, sehemu ya wimbo huo ni ya mtoto wa Cabrini-Green.

Mwaka 1968, pamoja na meneja wake Eddie Thomas, aliligeuza jina la Curtom kuwa kampuni ya kurekodi, na mwaka 1970 akaliacha kundi, ingawa aliendelea kuliandikia na kulirekodi. Nafasi yake ya uimbaji aliichukua Leroy Hutson. Albamu ya kwanza ya peke yake ilikuwa na "Move On Up", wimbo wa karibu dakika tisa ambao haukufua dafu katika chati za Marekani, lakini Uingereza ulifika nafasi ya 12 mwaka 1971.

Kisha ikaja Super Fly, mwaka 1972. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Gordon Parks Jr., inamhusu muuza kokeini wa Harlem anayetaka kufanya biashara moja kubwa ya mwisho kisha astaafu. Mayfield alipoiona ikiwa bado vipande aliwahi kusema kwamba ilifanana na tangazo la kokeini, na kwa hiyo akaamua nyimbo ziseme kile ambacho picha hazisemi. Picha zinaonyesha magari na makoti ya manyoya. Nyimbo zinamhesabu aliyekufa. "Freddie's Dead" unamlilia mtu ambaye filamu inampita haraka tu, tena katika filamu wimbo huo ulitumika bila maneno yake, na ndiyo sababu haukuweza kushindania tuzo ya Oscar. Albamu ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nne, na iliingiza fedha nyingi kuliko filamu iliyoizaa. Sijui mfano mwingine wa enzi ile ambapo muziki wa filamu unabishana na filamu yake kwa upole kiasi hicho na kushinda.

Baada ya hapo aliandika na kutayarisha muziki wa filamu kwa sauti za wengine: Gladys Knight na The Pips katika Claudine mwaka 1974, The Staple Singers katika Let's Do It Again mwaka 1975, na Aretha Franklin katika Sparkle mwaka 1976. Enzi ya disko haikumfaa, Curtom ikafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akahamia Atlanta.

Jioni ya tarehe 13 Agosti 1990, katika uwanja wa Wingate huko Brooklyn, New York, alikuwa akipanda jukwaani na gitaa lake wakati upepo wa ghafla ulipoangusha mnara wa taa. Ulimpiga shingoni. Tangu siku hiyo mwili wake ulipooza kuanzia shingoni kwenda chini, na lile gitaa la vibonye vyeusi hakulipiga tena.

Sasa fikiria pumzi. Wewe kama mwimbaji unajua kwamba noti ndefu haitoki kooni. Inabebwa na misuli ya tumbo na ya mbavu, inayoisukuma hewa taratibu. Yeye misuli hiyo ilikuwa haimtii. Alipotaka kurekodi tena iligundulika kwamba akilala chali uzito wa mwili ungemsaidia kuisukuma hewa kutoka mapafuni, kwa hiyo akalazwa, kipaza sauti kikawekwa juu yake, akaimba mstari mmoja, akapumzika, akaimba mwingine, na mafundi wakaiunganisha mistari hiyo kuwa nyimbo. Albamu iliyopatikana, New World Order, ilitoka mwaka 1996. Sauti yake humo imeshuka na ina mikwaruzo, na mishono unaweza kuisikia ukisikiliza kwa makini, lakini hakuna mstari ulioimbwa ovyo. Ugonjwa wa kisukari ulisababisha akatwe mguu mwaka 1998, na tarehe 26 Desemba 1999 alifariki dunia huko Georgia, akiwa na miaka 57.

Katika miaka hiyo tisa ya kitandani hakuweza kufanya onyesho hata moja, na kwa mwimbaji asiye mtunzi hiyo ingekuwa miaka tisa bila kipato cha kazi yake. Nyimbo, kwa upande wake, ziliendelea kutembea. Mwaka 1992 kundi la En Vogue liliurudia ule aliomwandikia Aretha Franklin miaka 16 kabla, nao ukashika tena nafasi ya kwanza katika chati ya watu weusi, huku wasanii wa hip hop wakikata vipande vya rekodi zake. Gooden na Cash, kwa upande wao, waliendelea kusafiri na kuimba nyimbo zilezile kwa miongo mingi, kwa sababu chakula cha mwimbaji kiko jukwaani. Jerry Butler aligeukia siasa na kuwa mjumbe wa baraza la Kaunti ya Cook kwa zaidi ya miaka 30, akiendelea kuimba.

Ukitaka kumwelewa kwa masikio, kaa na "People Get Ready" na uipuuze sauti ya Mayfield kwa makusudi. Mfuate Cash, kwa kuwa nafasi yake ndiyo inayokaribiana na yako: angalia anavyosubiri mpaka neno la mwisho la mstari ndipo aingie, na asivyoingia pale ambapo ungetarajia. Baada ya kile kipande kifupi cha gitaa wimbo mzima unapanda nusu toni bila tangazo lolote, na wote watatu wanatua kwenye kimo kipya kwa pamoja. Jaribuni sehemu hiyo kwanza bila ala.